Injini ya Rota ya Forman Juma

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, nikaambiwa niweke ncha yake juu ya injini ya lori iliyokuwa ikinguruma, halafu mpini niubane sikioni. Hiyo ilikuwa gereji moja ya Thika, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mtu mzima tayari, mwenye mke na mtoto, nimetoka kiwanda cha nguo baada ya kazi kuisha. Nilidhani ni mzaha wa kumpokea mgeni.

"Unasikia nini?" Forman, msimamizi wetu mafundi, akaniuliza.

"Kelele tu, Forman."

"Basi simama hapo mpaka iache kuwa kelele."

Nilisimama mpaka chai ikaletwa. Forman Juma alikuwa mzaliwa wa Majengo, mtaa wa hapo hapo Thika, mama yake Mkamba, baba yake mtu wa pwani, na alikuwa mkali kwa maneno tu. Hakugusa injini kabla ya kuisikiliza, wala sisi hakuturuhusu. Nyinyi mnaochomeka waya wa kompyuta chini ya dashibodi mtacheka. Chekeni tu, nami nilicheka, mpaka siku nilipowekea injini ile bisibisi na kusikia beringi moja ikisaga, na Forman akanipiga begani. Furaha niliyokuwa nayo siku hiyo sijui niifananishe na nini.

Gari lake mwenyewe lilikuwa la Kijapani, dogo, la milango miwili, aliloachiwa na mteja aliyehama nchi. Lilikuwa na injini ya rota. Niwaeleze, maana wengi wenu hamjaiona. Katika injini ya kawaida, pistoni hupanda na kushuka. Katika hii hakuna pistoni. Kuna rota, pande la chuma lenye pembe tatu, linalozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la ganda la njugu. Kwenye kila pembe ya rota kuna sili, kijiti chembamba cha kuzuia mgandamizo usivuje. Gari lile lilikuwa na rota mbili, moja mbele na nyingine nyuma, na mlio wake ulikuwa wa juu, laini, usiofanana na wa gari lolote la Thika. Jioni Forman alipoondoka, tuliacha kuosha mikono tumsikilize akipanda kuelekea Majengo. Naam, nililionea wivu gari lile.

Baadaye nilipata kazi Ruiru, kwenye karakana ya shamba la kahawa, chini ya Injinia wa Mitambo. Yeye alikuwa na imani nyingine. Nilipochomoa bisibisi yangu siku ya kwanza, alitikisa kichwa.

"Kariuki, hapa tunapima."

Akanifundisha kutumia geji, vipande vyembamba vya chuma unavyoingiza kwenye mwanya ili kujua upana wake, na maikromita ya kupimia unene. Alikuwa mtu mwenye subira, na aliyonifundisha nimeyatumia maisha yangu yote. Nilipanga nyumba Gatongora, hapo karibu na Ruiru, nikajenga kibanda cha mabati nyuma yake, nikawa natengeneza magari ya majirani siku za Jumapili.

Forman Juma alinijia hapo miaka michache baada ya yeye kustaafu. Gari lilikuwa limefungwa kamba nyuma ya pikapu. Alikuwa amekonda, na aliongea kwa sauti ya juu hata tulipokuwa tumekaa goti kwa goti.

"Kariuki, imekufa. Na mimi masikio inaenda. Daktari amesema zote mbili, hakuna dawa. Nataka nisikie hii gari mara moja kabla hazijafunga kabisa. Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kufungua injini ya rota, lakini ningemjibu nini mtu yule?

Nilipofungua boneti nilijua aliyeiua. Injini ya rota hunywa oili kwa makusudi. Kuna pampu ndogo inayoisukuma kupitia vijibomba vyembamba hadi kwenye kabureta, ili sili zipate kulainika. Lakini fundi wetu yeyote amefundishwa kwamba gari linalokula oili ni gonjwa. Forman alikuwa amesafiri, akaacha gari kwa fundi mmoja lisafishwe kabureta. Yule bwana akaona oili inapungua, akaviziba vijibomba kwa skrubu, vizuri kabisa, na kazi hiyo akaifanya kama hisani. Sili zikakauka, zikavunjika, na vipande vyake vikachana nyumba ya rota ya mbele.

Injini ya namna hii hujengwa ikiwa imesimama, kipande juu ya kipande, halafu yote hubanwa kwa boliti ndefu zinazopita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tatizo ni kwamba sili na springi zake ndogo huanguka kabla hujafunika. Dawa yake ni kuzigandisha kwa mafuta mazito ya kujipaka.

"Haiya, Baba Wambui!" mke wangu alisema aliponikuta na kopo. "Injini ndio inapakwa mafuta, na mtoto miguu imekauka hivi?"

"Ni ya Forman, Mama Wambui."

Alimpenda yule mzee. Kesho yake nilikuta kopo jipya juu ya meza ya kibanda, na hakulitaja tena.

Injinia alinikopesha maikromita, hata akaja mwenyewe Jumapili moja kukagua vipimo vyangu. Niliamua kuachana na ile pampu na badala yake kuchanganya oili ndani ya petroli, kama tunavyofanya kwa msumeno wa injini wa kukatia miti, ili asitokee mtu mwingine wa kuziba kitu. Nilipanua kidogo pia matundu ya kuingizia hewa, kwa tupa ya mkono, nikaenda pole pole maana chuma ulichokiondoa hakirudi. Sili tulizipata Nairobi, Barabara ya Kirinyaga. Lakini nyumba ya rota haikupatikana. Tulingoja. Fundi wa kukereza vyuma wa Juja aliahidi kututafutia kwenye magari mabovu, nasi tukaendelea kungoja mpaka mvua ndefu zikaja na kuisha.

Forman alikuja kila Ijumaa akitoka msikitini. Mwanzoni nilimwambia habari kwa sauti ya kawaida. Halafu ikabidi nipaze. Halafu ikawa namwonyesha kwa vidole, na yeye anaitikia "sawa, sawa" kwa mambo ambayo sikuyasema. Niliumia sana. Kila wiki iliyopita niliiona inamnyang'anya kitu, na mimi nimekaa na injini nusu chini ya gunia.

Nyumba ya rota ilipofika kutoka Juja, niliimaliza injini haraka nilivyoweza bila kuiharibu. Nilitoa plagi, nikazungusha kwa stata kusikiliza mgandamizo. Rota nzima hutoa puf, puf, puf, sawasawa. Ikiwa sili moja imekufa, pumzi moja hukosekana. Zilikuwepo zote. Nikamtuma jirani amlete Forman.

Injini iliwaka mara ya tatu. Moshi wa bluu ulijaa kibanda, kisha mlio ule ukapanda, juu, laini, na mke wangu akatoka jikoni kuusikia. Nilimgeukia Forman. Alikuwa ananitazama mimi, akisubiri nimwambie kama imewaka.

Sijawahi kujiona mtu bure kama dakika ile. Nilifungua mdomo kuomba radhi, nikakumbuka hatanisikia.

Yeye aliuona moshi. Aliangalia feni inavyozunguka, akanyoosha mkono kwenye meza na kuchukua bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, ile aliyonipa nilipohama Thika. Ncha akaiweka juu ya nyumba ya rota ya nyuma. Mpini akauuma kwa meno, ili mtetemo umpande hadi mifupa ya kichwa, akafumba macho.

Alikaa hivyo kitambo. Akahamia ya mbele. Akautoa mpini mdomoni.

"Ya nyuma iko sawa," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Ya mbele inaruka. Angalia waya ya plagi ya chini."

Niliangalia. Waya haukuwa umekaa vizuri. Niliusukuma kwa kidole, injini ikatulia, na Forman akauma tena mpini. Safari hii hakuutoa. Machozi yalimshuka hadi kwenye mbao, nami nilijifanya natafuta kitambaa.

"Ndio yeye," alisema alipoutoa mwishowe.

Tuliliendesha hadi upande wa Kamakis, siku hizo vumbi tupu, hakuna nyama choma wala taa kama leo, mimi kwenye usukani na yeye kando, kiganja juu ya dashibodi.

Forman alishafariki, na mimi nimestaafu. Vijana huja kuniuliza kuhusu rota, nawaeleza vipimo vya Injinia, nawaeleza oili. Bisibisi ile ingali ukutani kwangu Gatongora. Mpini wake una alama za meno. Nyingi ni zake. Tangu mwaka jana, chache ni zangu.