Viti Ambavyo Fundi Hakalii

Huyu seremala niliyeolewa naye hajawahi kukalia kiti alichotengeneza mwenyewe. Nyumbani tunakalia viti vya plastiki, eti vya mbao ni mali ya wateja. Mganga hajigangi, najua, lakini huyu wangu amezidi!

Juzi mama mmoja wa mtaani alirudisha kiti karakanani, akilalamika kwamba ubao wa nyuma unamchoma mgongo. Mume wangu, randa mkononi, hata hakukigusa.

"Kiti hakina shida, mama. Labda mgongo wako ndio umezeeka."

Mama wa watu akakiacha kiti pale, akaenda zake. Mimi nilikuwa nafagia maranda pale pale, na damu ikanichemka.

Jioni nikavipeleka viti vyote vya plastiki kwa wifi yangu, nikaweka mezani kile kile kilichorudishwa.

"Kaa ule, baba watoto."

Akakaa. Hajafika hata nusu ya sahani, akaanza kujipindapinda kama aliyekalia siafu. Mwisho akainuka, kashika kiuno.

"Aa! Ubao huu umekaa vibaya kabisa!"

"Labda mgongo wako ndio umezeeka," nikamjibu.

Akanitazama aone kama natania. Sikuwa na mzaha. Akachukua sahani yake, akala amesimama, kanuna.

"Simama tu," nikamwambia. "Wateja wako nao wamesimama, ila wao wamesimama mlangoni kwa fundi mwenzako."