Vyungu vya Makumbi

Mimi ni msokota kamba, kama alivyokuwa mama yangu. Makumbi ya nazi tunayafukia kwenye matope ya pwani mpaka yalainike, tunayaponda, tunatoa usumba, nyuzi za kusokotea. Kinachobaki ni vumbi la kahawia lisilo na mwenyewe. Nyuma ya nyumba yetu hapa Siyu lundo la vumbi hilo lilikuwa limefika usawa wa dirisha, na mume wangu alikuwa haachi kuniuliza nitalichoma lini.

Wakati huo kikundi chetu cha wanawake kilikuwa kinapanda mikoko kwenye hori, pale maji ya bahari yanapoingia mpaka karibu na mashamba. Miche tulikuwa tukiiotesha katika mifuko myeusi ya nailoni tuliyoletewa na afisa wa misitu, mwanamke wa kutoka bara, mchapakazi asiyeogopa matope. Siku ya kupanda unachana mfuko, unautia mche topeni, na mfuko unauweka kando ukisema utauokota baadaye. Lakini maji hujaa kabla ya kazi kwisha.

Asubuhi moja nilishuka peke yangu kuangalia miche. Nikakuta mmoja umevikwa mfuko wa nailoni juu mpaka chini, kama mwanamke aliyejitanda ushungi. Nikauvua. Nikatazama mbele, mifuko imetapakaa kwenye matope yote, na ni sisi tuliokuja pale kuifufua pwani. Niliona haya, nikaokota mpaka kanga yangu ikalowa tope.

Niliporudi sikupumzika. Nilichota vumbi la makumbi, nikachemsha maganda ya muhogo yaliyokuwa yakitupiwa mbuzi mpaka yakatoa uji mzito wa kunata, nikachanganya. Nikaukandika mchanganyiko huo kuzunguka mkebe mtupu wa maziwa, nikauanika juani. Ulipokauka nikachomoa mkebe. Nilibaki na chungu kidogo chepesi, kigumu, cha kutia mche na kuuzika nacho topeni bila kuchana wala kutupa kitu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, tunaishi ua mmoja. Alikigeuzageuza akacheka. "Hiki chungu au mkate wa mofa? Kikingia mai kitasimama hiki?"

"Maji yakijaa tutaona," nikamwambia.

Nikakanda vingine, na kwa kumwagiliwa tu, vilisimama vizuri. Afisa alipokuja alikibonyeza kimoja kwa vidole, akakinusa, akatabasamu. "Mama, hii kitu umetengeneza wewe? Basi tujaribu safu moja hapo hori. Zingine tupande vile tumezoea, ndio tulinganishe."

Tukapanda. Maji yakajaa, yakatoka, nami nikashuka na moyo juu. Safu yangu ilikuwa imelala chini. Vyungu vyote vimetafunwa, na kaa wamejaa pale. Kumbe nimewaandalia uji wa muhogo. Mmoja alikimbilia shimoni mwake ameshika kipande cha kazi yangu. Wanakikundi wenzangu waliangua kicheko, na nikisema kweli, hata mimi nilicheka, ila nilipofika nyumbani nilijifungia chumbani.

Kwa siku kadhaa sikugusa vumbi. Kisha wifi akawa anabangua korosho mbichi na kuzikaanga uani, moshi umetanda, na analalamika kama kawaida yake: maganda yanaunguza mikono, hayafai kitu, hata kuku hawayasogelei.

Nikauliza, "Hata kuku?"

"Hata panya. Una nini wewe?"

Nilikuwa nimeshainuka. Niliomba yale maganda yote niyatie kwenye vyungu, kaa wasivitafune tena. Nilipoyatwanga mabichi mafuta yake yalinichubua viganja, nikala kwa mkono wa mume wangu kama mtoto. Miche niliyoitia katika vyungu hivyo ikageuka manjano. Nikamweleza afisa, akaniambia mafuta hayo ndiyo yanaichoma mizizi, niyaunguze maganda kwanza, na niyapake nje tu, ndani nisiyatie. Nikafanya hivyo. Wifi mwenyewe ndiye aliyeyaunguza mpaka yakawa meusi ti, akayaponda akiwa amefunga kitambaa mikononi, na tangu hapo akaacha kuita vyungu vyangu mikate.

Tulipanda tena. Mara hii kaa walivisogelea, wakavigusa, wakaondoka zao. Mimi na wifi tulikuwa tumechutama topeni tukiwatazama.

"Mwataka nini tena?" wifi akawazomea. "Hamna futari hapa!"

Miezi ikapita. Afisa alirudi, akafukua mche mmoja taratibu mbele ya kikundi kizima. Chungu kilikuwa kimelegea, na mizizi imepenya kila upande, myeupe, imeshika tope la pwani yetu. Kisha akaniita nisogee nami nishike. Nilikishika. Watoto wangu nimewazaa kwa uchungu na nawapenda, lakini sikujua kama mtu anaweza kuona fahari ya namna ile kwa kitu alichokikanda kwa vumbi.

Baadaye nikaitwa Amu, mji wa Lamu, niwafundishe wanawake wa huko. Tulifanyia kazi kwenye uwanda, yaani ua wa ndani, wa nyumba kubwa ya mawe, na mwenye nyumba, mama wa heshima zake, mkono una hina mpya, aliutumbukiza kwenye uji wa muhogo kabla sijamaliza kusema bismillahi. "Mwalimu," akaniita, "changu mbona chapasuka?" Sikugeuka. Sikujua kuwa ni mimi. Wifi, niliyefuatana naye, alinipiga kiwiko: "Waitwa, mwalimu!" Nikaenda, nikamwonyesha namna ya kubana kingo.

Safari ya kurudi boti ilijaa watu na magunia. Abiria mmoja aliuliza tumebeba nini kwenye kapu. Wifi alitoa chungu, akakipitisha mkono kwa mkono, akaanza kuhadithia: jinsi wifi yake alivyovitunga, jinsi kaa walivyokimbia nti nzima, jinsi mabibi wa Amu walivyogombania kufundishwa. Kaa hawakukimbia nchi nzima, na mabibi hawakugombana. Lakini watu walikuwa wamemwinamia wanasikiliza, na kila mmoja akinitazama. Nilijitengeneza buibui, nikakaa sawa, nikamwacha aseme.