Sikuwahi Kumwona Mjomba Akisali

Mke wa mjomba alipiga simu nikiwa napiga pasi. "Mwanangu, mjomba wako ametutoka," alisema, na hofu ikanishika kabla ya machozi, kwa sababu katika miaka yote niliyoishi kwao sikuwahi kumwona akisali. Alikuwa profesa mwenye chaki kwenye kucha na sauti ya chini iliyowafanya wanafunzi wasogeze viti. Kila nilipomsihi asali, alicheka: "Wewe niombee, mama, mimi nasahihisha." Siku moja nilimpelekea chakula ofisini. Mwanafunzi aliyesubiri kutetea tasnifu yake alikuwa akitetemeka. Mjomba alimketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamshika mikono na kumwambia, "Hofu ni mgeni. Mpe kiti, usimpe kitanda." Kisha akafumba macho, midomo ikichezacheza bila sauti. Alikuwa akisali, au akipitia maswali ya mtihani? Sikumuuliza, na sasa siwezi.

Tulimzika Jumamosi. Wanafunzi wake walibeba jeneza, mchungaji akasoma, tukatupia udongo kaburini. Nilisema, "Mungu wangu, usimfukuze," nikarudia na kurudia mpaka watu wakaanza kuondoka, ndipo mke wa mjomba akanishika mkono tukarudi nyumbani.