Gambuti Lenye Kiraka Chekundu

Picha ya kwanza niliyoiweka kwenye tovuti ya kutambua wanyama na mimea ilikuwa ya korongo, lakini aliyeonekana vizuri ni mama yangu. Korongo alikuwa amesimama kando ya kisima chetu, huko nyumbani ng'ambo ya Bondo. Nilipotoa simu, mama akaniambia ningoje kidogo. Akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la kanisani, akasimama katikati. Korongo naye alingoja, tena kwa adabu. Tovuti ina kawaida ya kukupendekezea jina la kiumbe kilicho pichani, na siku hiyo ilipendekeza binadamu.

Msimcheke. Kwetu picha isiyo na mtu ni picha iliyoharibika. Mimi mwenyewe nina kibanda cha picha za pasipoti mjini Kisumu, na miaka yote kazi yangu imekuwa kuwaambia watu wainue kidevu. Mwanafunzi wa chuo aliyekuja kuchapisha picha za ndege ndiye aliyenifungulia akaunti. Unaweka picha ya ndege, mdudu au mmea uliouona, unasema ni wapi na lini, na watu usiowajua kabisa wanakuambia ni kitu gani. Wakikubaliana, rekodi yako inaaminika, hata watafiti wanaweza kuitumia. Nilinogewa vibaya. Wateja walikuwa wakinikuta nje ya kibanda nimeinamia mjusi.

Baba alinitazama tu na mambo yangu, mpaka siku alipoona nzohe.

Nzohe ni swala wa kwenye maji. Anaishi ndani ya mafunjo, kwato zake ni ndefu ili asizame kwenye tope, na akishtuka hujizamisha mpaka pua tu ibaki juu. Baba alikuwa amekwenda kukata mafunjo ya kuezekea banda la kuku, akamwona dume mwenye pembe zilizojipinda amesimama majini. Wakatazamana, kisha mnyama akazama taratibu. Baba aliacha mafunjo palepale, akaenda moja kwa moja kwa rafiki yake, fundi wa baiskeli, ambaye chini ya mabati yake wanaume wa pale sokoni hunywa chai kila jioni.

Fundi huyo na baba wamekua pamoja. Lakini baba alifanya kazi kiwanda cha sukari Muhoroni mpaka akastaafu, na fundi hakuwahi kuhama. Baba alipomaliza kusimulia, fundi aliweka kikombe chini akasema, "Omera, ndugu yangu, wewe huko Muhoroni ulizoea miwa. Hiyo uliona ni mbuzi ya mtu."

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kesho yake mtu akamuuliza baba kama mbuzi wake ameshajifunza kuogelea. Alivumilia siku chache, halafu akaacha kwenda. Jioni alikaa mlangoni peke yake na kikombe chake, akisema chai ya fundi ina majani machache. Iliniuma sana. Nilimkasirikia fundi kwa mdomo wake, nikamkasirikia na baba kwa kununa kama mtoto. Mtu wa umri ule akipoteza rafiki wa utotoni, atampata wapi mwingine?

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani, mvua imenyesha usiku. Baba alikuja kuniita nikiwa bado napiga mswaki. Tulipita kando ya mashamba hadi ukingo wa mafunjo, akanionyesha alama kwenye tope. Zilikuwa ndefu na nyembamba, zimeachana kwa mbele kama vidole viwili. Mbuzi hana mguu wa namna hiyo. Nilipiga magoti nikatoa simu, na hapo hapo gambuti la baba likatua kando ya alama.

Nilimwambia autoe mguu. Akakataa. Nikamweleza kwamba tovuti inataka mnyama, haitaki watu, nikamkumbusha korongo na gauni la mama. Akaniuliza picha bila mtu nitajuaje ni ya nani. Tulibishana hadi mbu wakatuchoka. Mwishowe nikapiga hivyo hivyo: alama ya kwato, na kando yake gambuti jeusi lenye kiraka chekundu mbele, penye vidole.

Nilipokuwa naiweka, akachungulia begani mwangu. "Sasa hapo itasema nani aliona? Mimi ama wewe?"

Akaunti ilikuwa yangu. Basi nikamfungulia yake. Mahali penyewe nilipaficha kwenye tovuti, kwa kuwa nyama ya nzohe ni tamu na mbwa wa kuwinda wapo. Baba akawa na rekodi moja tu duniani, na akaanza kunipigia simu kuuliza kama kuna mtu amesema kitu.

Kwa wiki kadhaa hapakuwa na neno. Kisha mtu wa nchi nyingine akajibu: ni nzohe, umbo la kwato linatosha, na kiatu kimemsaidia kujua ukubwa wa alama. Nilipiga kelele kibandani, mteja akafumba macho na picha yake ya pasipoti ikaharibika. Nikampigia baba.

"Huyo mtu ananijua?" akauliza.

Nikasema hapana, anakaa mbali sana. Baba akashukuru kwa upole, akaanza kuulizia hali ya hewa ya Kisumu. Nilikata simu nimekasirika. Hasira ilipoisha nikaelewa kwamba hakuwa akingoja kuaminiwa na dunia.

Fundi huja Kisumu kununua spea. Safari iliyofuata alipita kibandani kunisalimu, kama kawaida yake, naye hakuthubutu kumtaja baba. Mimi si mtu wa subira. Nilimwekea simu mbele ya pua. Aliitazama alama ya kwato, kisha akaniambia nivute picha upande wa kiatu.

"Mimi naweza kukubali hapa?" akauliza.

Nikamwambia unakubali kama unamjua mnyama. Akatikisa kichwa, mnyama hamjui. Lakini nikamwambia mtu yeyote anaruhusiwa kuandika maoni. Nikamfungulia akaunti, akasema nami nikaandika, neno kwa neno, bila kumrekebisha Kiswahili.

Jioni nilimpigia baba nikamsomea. "Mnyama hii siijui. Hiyo kiraka nyekundu ni mimi nilibandika, na tyubu ya baiskeli yangu. Mwenye gambuti namjua tangu tukiwa watoto. Akisema ameona, ameona."

Nilisikia kuku, na mama akiuliza ni nani. Baba akaniomba nisome tena, kuanzia kwenye kiraka. Nikasoma. Akakohoa, akasema kiraka chenyewe kimeanza kuachia, maji yanaingia, na asubuhi atalipeleka gambuti litengenezwe.

Halafu akaniuliza kama fundi ameshapanda gari la kurudi nyumbani.