Mfuko Usiokuwepo Duniani

Alikuwa mama wa makamo, goti moja bovu, na hospitali nzima ilimwita Bi Kumi-na-Moja. Miaka ishirini na sita alikuwa amelinda majokofu ya damu. Mkuu wake wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyeweka utaratibu: kila mfuko upewe namba ya tarakimu nane inayogawika kwa kumi na moja bila baki. Kuipima hakuhitaji karatasi. Unajumlisha tarakimu ukiruka moja moja, kisha unajumlisha zile ulizoruka. Jumla mbili zikilingana, au zikipishana kwa kumi na moja, namba ni ya kweli. Mama akanogewa. Alipima namba za milango, za tiketi, hata ya simu ya mkwewe. Iligawika, na majirani husema ndiyo maana akamkubali.

Asubuhi moja nesi wa wodi ya wazazi aliingia akihema, fomu mkononi. Mwanamke aliyejifungua alikuwa akivuja damu. Damu yake ilikuwa imeshakataa mifuko mitatu huko maabara, ndipo ukapatikana mmoja uliopatana naye: 83647213. Walifungua jokofu. Haukuwemo. Nesi akaanza kuvuta trei za jokofu la pili.

"Acha," mama alisema. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nane, sita, saba, moja: ishirini na mbili. Tatu, nne, mbili, tatu: kumi na mbili. Zimepishana kumi. "Usihangaike, mwanangu. Mfuko huo haupo duniani. Aliyeandika amekosea."

Nesi akarudi jokofu la kwanza, akachomoa 83647212. Imekosewa tarakimu ya mwisho tu, alisema, basi ni huu. Mama akaupima; unagawika. Lakini kando yake ulilala 83642713, mbili na saba zimebadilishana viti, nao unagawika. Yote miwili ya kundi moja la damu. Uliopimwa na damu ya mgonjwa ni mmoja tu.

Alipiga simu maabara. Ikaita mpaka ikachoka. Akaurudisha mfuko, akafunga jokofu, akatia ufunguo kifuani.

"Mama, mtu anakufa."

"Najua. Namba imetuambia kuna uongo. Haijatuambia ukweli uko wapi."

Maabara ilikuwa ghorofa ya pili. Alipanda akishika ukuta, goti likimsuta kila ngazi, na nyuma yake nesi akilia kwa hasira. Mpimaji alianza kuapa kwamba hajawahi kukosea fomu. Mama hakubishana, aliomba tu aone kichupa chenye damu ya mfuko aliyoipima, chenye namba iliyopigwa chapa. Wakasoma pamoja: 83642713. Mpimaji akanywea kama aliyemwagiwa maji. Akaandika fomu upya.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Mama alifungua, akautoa mfuko, akalinganisha tarakimu zote nane kwa kidole, akamkabidhi nesi. Nesi akatimua mbio. Mama akakaa kwenye kiti chake, goti limevimba, akiutazama ule mfuko mwingine, ambao ungetoka dakika saba mapema.

Saa ikapita. Mlango ukafunguliwa, nesi yuleyule, na fomu nyingine. Hakuitoa mara moja. Alisimama mlangoni akiisoma, kidole kikiruka tarakimu moja moja, midomo ikicheza.

"Hii inagawika, mama," alisema. "Na mzazi ameamka. Anamuulizia mtoto."