Kutafuta Sauti za Wanawake Asembo Bay

Niliondoka Nairobi kwa sababu makala ilihitaji Mwafrika, nami ni Mwafrika. Wenzangu watatu wa Ulaya walikuwa wameandika utafiti kuhusu nani anashirikishwa na nani anaachwa nje katika biashara ya kimataifa. Wahakiki wakawauliza mbona waandishi wote wanatoka upande mmoja wa dunia. Wiki hiyo hiyo nikaongezwa. Kiongozi wetu, Profesa Ingrid, alitaka picha yangu na wasifu, maoni hakuyaomba. Nilipolalamika, tena kwa adabu ya mtu anayewinda kupandishwa cheo, akasema sawa: niletee maneno ya wanawake wanaouza samaki kwa wanunuzi wa nje, upate sehemu yako mwenyewe. Nisipoyaleta, nitabaki jina tu.

Kisumu, asubuhi. Nilipitia soko la Kibuye nikanunua koti la mtumba lenye mifuko mingi ili nifanane na mtafiti. Hata sijatoka sokoni, mama mmoja akaniuliza kama natengeneza friji.

Asembo Bay, kabla ya saa sita. Omena, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa kila mahali, na harufu yake ilinipokea kabla ya wenyeji. Chini ya paa la mabati waliketi wanawake wanane, na katikati yao mwanamume mmoja aliyevaa suti. Mimi, mwalimu wa somo la usawa, nilimwendea moja kwa moja nikamshika mkono kwa mikono miwili.

"Habari yako, Bwana Mwenyekiti."

"Huyo si chairman," akasema mama mmoja mrefu aliyekuwa akipepeta omena. Huyo ndiye Mama Atieno. "Chairlady ni mimi. Huyo ni Baba Odongo. Wafadhili walisema kikundi lazima ikuwe na jenda, si wanawake peke yake. Tukamweka."

"Mimi ndio jenda," Baba Odongo akathibitisha, akinyoosha tai.

Nikamuuliza kazi yake ni nini. Akasema wageni wakija hukaa katikati apigwe picha. Kura hana, na mikutanoni hakuna anayemuuliza kitu. Ili kumliwaza, nikamweleza jinsi nami nilivyoingia kwenye utafiti wetu. Akanitazama kwa huruma.

"Kwani wewe pia wamekuweka? Pole, omera, pole ndugu yangu. Ukipigwa picha usiweke mkono kwa mfuko. Watadhani umechoka."

Nikapandwa na hasira ambayo haikuwa kwa ajili yake peke yake. Nikawageukia wanawake na kuwahubiria kuhusu ushirikishwaji, kisha nikamhoji Baba Odongo: anajisikiaje, anaumia wapi, angependa nini. Akasema angependa kupiga kura. Nikapiga makofi, peke yangu. Boti zikafika, wanawake wakainuka kwenda kupokea samaki, nami nikaondoka kifua mbele.

Mamboleo, Kisumu, jioni, nilikokuwa nimepanga chumba. Nilimpigia simu Profesa Ingrid nikiwa na furaha ya mshindi.

"Wanawake wamesemaje?" akauliza.

Nikaanza kumsimulia habari za Baba Odongo.

"Na wanawake?"

Nilikuwa nimesafiri kutoka Nairobi kutafuta sauti za wanawake, nikawakuta wanane wameketi wakinisubiri, nikamhoji mwanamume. Nilisingizia mtandao mbaya nikakata simu.

Nikampigia Mama Atieno nikiwa tayari kutukanwa. Alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Rudi tu, mwalimu. Sisi tulijua utarudi. Lakini kesho nyinyi wanaume wawili mkae kimya."

Kesho yake, Asembo Bay tena. Mimi na Baba Odongo tulipewa kazi ya kuchemsha chai, naye hakupendezwa hata kidogo na jinsi nilivyowasha moto. Wanawake wakasema. Walisema bei hupangwa kwa simu kabla boti hazijafika, kati ya mnunuzi na watu wasiowajua. Wao huitwa siku ya picha, wavae leso mpya, kisha huandikwa kwamba wameshirikishwa. Mama Atieno alisema anataka jambo moja tu: simu hiyo ikipigwa, naye awepo. Nilisikiliza nikijiuma ulimi, maana ulimi wangu haujazoea likizo, na niliona haya, haya ya kweli.

Tulipokuwa tukiagana akaniuliza, "Na sisi, jina yetu utaandika wapi?"

"Kwenye shukrani," nikasema. "Mwishoni."

"Mwishoni," akarudia, akaenda kugeuza omena zake.

Nairobi. Nimefundisha ushirikishwaji miaka mingi, na wanafunzi wangu hufaulu mtihani wake vizuri. Sikujua kwamba mtu anayelia kuwa haulizwi anaweza kuketi na watu asiwaulize. Sasa najua, kwa sababu ni mimi.

Nimemwandikia Profesa Ingrid kwamba wanawake wa Asembo wawe miongoni mwa waandishi, la sivyo jina langu litoke. Niliandika kishujaa sana. Tangu siku hiyo kila simu ikilia namwomba Mungu asichague la pili.