Wenceslas na Sauti ya Jioni

Wenceslas alikuwa na wivu wa kupindukia, na huyo aliyemwonea wivu alikuwa sauti tu. Sisi majirani zake wa mtaa wa Mangobo tulilijua hilo kabla yeye mwenyewe hajalikubali.

Alikuwa polisi wa radio. Chumba chake kilikuwa katika kituo cha polisi, ng'ambo ya kiwanja chetu, na kazi yake ilikuwa kugonga kitufe kwa kidole, ti-ti-ta, habari ziwafikie polisi wa Banalia. Ni kazi ya heshima, lakini hakuna aliyemsikia, na aliyoyapeleka hakuruhusiwa kumsimulia hata mkewe. Hilaire je? Hilaire alikuwa msomaji wa matangazo wa radio ya mji. Kila jioni sauti yake ilitoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlingoti wa kiwanjani, nzito, ya taratibu, na mtaa mzima ulinyamaza.

Agathe, mke wa Wenceslas, naye alinyamaza. Hapo ndipo palipomuuma mumewe. Kutoka dirisha la kazini aliuona uzio wa nyumba yake, akamwona mkewe akitwanga ndizi za lituma. Sauti ile ikianza tu, mchi unasimama. Agathe anasogea uzioni, anainamisha kichwa kidogo, anatulia. Wenceslas hakuwahi kusikilizwa hivyo. Yeye akisema jambo nyumbani, anajibiwa "ee" na mtu anayechagua majani ya muhogo ya pondu.

Mtu mwenye akili angejiuliza mwanamke anasikiliza nini. Mama yake Agathe alikuwa mgonjwa kule Yanonge, na watu wa mto tunawajua: mgonjwa akizidiwa, ndugu wanampa ujumbe mwenye mtumbwi anayekuja sokoni, naye anaufikisha kwenye radio usomwe. Wenceslas alilijua hilo vizuri. Lakini wivu ukishamkaa mtu kooni, hakipiti kitu kingine.

Siku moja akagundua kwamba akigonga kitufe wakati Hilaire anasoma, kipaza sauti cha kiwanjani kinakwaruza na maneno yote yanamezwa. Tangu hapo, ripoti za Banalia alizozoea kuzipeleka mchana akazihamishia jioni. Juma zima tukasikia mkwaruzo badala ya habari. Mimi nilikasirika, nasema wazi, maana nilitaka matokeo ya mpira. Agathe alisimama uzioni kila jioni, akangoja, kisha akaurudia mchi wake. Wenceslas alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Jumapili, Hilaire mwenyewe akaja kwao. Kumbe ni kijitu kifupi, chembamba, kofia mkononi. Wenceslas alipomwona akakaribia kucheka. Sisi tukasogea kwenye uzio, nani angekosa.

"Mama Agathe," Hilaire alimwambia Agathe, na sauti ilikuwa ileile, "pole sana. Mama yako alishakufa. Bamesha kumuzika."

Agathe hakulia. Alikaa chini kando ya kinu.

"Mutu ya pirogue ya Yanonge alileta communiqué ya bandugu yako," Hilaire aliendelea. "Agathe akuye mbio, mama anamuita. Nilisoma siku ya lundi, nikasoma tena kesho yake, mardi. Jana ule mutu akarudi, akaniuliza juu ya nini mutoto hakuya. Alors nikasema niende mimi mwenyewe."

"Nilikuwa pale," Agathe alisema polepole. "Kila siku nilikuwa pale, nasikiliza. Ilikuwa makelele tu."

"Ndiyo, batu mingi banalalamika. Na sisi hatujue inatoka wapi." Hilaire akamgeukia mwenye nyumba kwa adabu. "Papa Wenceslas, wewe iko mutu ya radio. Ile makelele inatoka wapi?"

 Agathe akainua uso kumtazama mumewe. Akainamisha kichwa kidogo, kama alivyozoea pale uzioni, akatulia kabisa ili asikie.